Paipu Iliyoombwa Msamaha

Siku tuliyompeleka baba nyumbani kumzika, pikapu yake ilizimika ikiwa imembeba. Tulikuwa tumeipita Katito tukielekea Pap Onditi, saa sita na nusu mchana, mwezi wa Januari, mbingu haina hata wingu la kudanganyia. Dereva alizungusha ufunguo, injini ikakohoa, ikanyamaza. Akazungusha tena. Nyuma yetu msafara wote ulisimama, milango ikaanza kufunguliwa, na kabla mtu yeyote hajainua boneti nilisikia sauti ya mwanamke ikisema kwa Kijaluo kwamba amekataa.

Aliyekataa ni baba. Kwetu, gari lililobeba maiti likizimika njiani, swali la kwanza halihusu gari. Watu huuliza marehemu ana kinyongo na nani. Mtu huyo akishajulikana huletwa kando ya jeneza, huambiwa azungumze na marehemu vizuri, amwombe, kisha injini hujaribiwa upya. Nimekua nikisikia habari hizo: lori lililogoma darajani mpaka shangazi fulani akalia, gari lililowaka lenyewe baada ya kijana fulani kukiri wizi. Nilipokuwa nasomea fizikia chuoni Maseno nilizisimulia bwenini kama vichekesho, na nilikuwa hodari wa kuzisimulia.

Siku ile sikucheka. Kaka mkubwa wa baba, ambaye namwita baba mkubwa, alishuka kwenye gari lililotangulia msafara, akavua kofia, akasema na jeneza kwa muda. Dereva akajaribu. Kimya. Ndipo baba mkubwa akageuka kumtazama mama, aliyekuwa ameketi mbele katika pikapu, na watu wote wakageuka naye.

Sababu tuliijua sote. Wiki mbili kabla ya kifo, baba mkubwa alikuja hospitalini akitaka ndugu yake atolewe, apelekwe nyumbani Nyakach, aombewe, na kama ni kufa afie kwake. Mama alikataa. Alisema madaktari bado wana la kufanya, na yeye hawezi kumchomoa mumewe kwenye oksijeni ili akamlaze kwenye kochi. Baba alifia palepale hospitalini. Kwa hiyo pale barabarani hakuna aliyehitaji kuelezwa. Marehemu alinyimwa kufia nyumbani, na aliyemnyima ameketi kwenye gari lake.

Walimwambia mama ashuke. Hakushuka. Alishikilia mkoba wake mapajani akatazama mbele kama mtu anayesubiri taa ya kijani. Dakika zilipita. Lami ilikuwa inachemka, watoto wanalia, kwaya imenyamaza, wazee wamesimama na leso vichwani. Mimi ndiye niliyesogea dirishani nikamwambia, "Mama, shuka tu. Sema pole, twende."

Naandika maneno hayo jinsi nilivyoyasema. Nimejaribu mwaka mzima kuyapunguza na hayapunguki.

Mama alishuka. Aliweka mkono juu ya jeneza na, mbele ya watu wa kanisa lake, wa soko lake na wa ukoo wa mumewe, akasema kwamba alikosea kumzuia. Akamwomba amsamehe, akubali kwenda. Alipomaliza walimpeleka kwenye gari lingine, huko nyuma. Dereva akazungusha ufunguo na pikapu ikawaka mara ya kwanza, kama vile haijawahi kuwa na shida yoyote duniani. Watu waliguna. Mguno ule ndio uliomhukumu.

*

Mama hushona sare za shule Mamboleo, hapa Kisumu, karibu na njia panda. Kabla ya mazishi, kila mwisho wa mwezi alikuwa akifunga kibanda chake Ijumaa na kwenda Nyakach, kwenye nyumba waliyojenga na baba, kupalilia mahindi, kupaka sakafu nta, kugombana na majirani juu ya mbuzi wao. Baada ya mazishi aliacha. Hakuna aliyemfukuza. Hata kumtukana hawakumtukana. Walimwombea. Kikundi cha akina mama kanisani kiliweka jina lake kwenye orodha ya sala pamoja na wagonjwa, na kila Jumapili alisimama kuombewa msamaha ambao, kwa ushahidi wa injini, alikuwa ameshaupata. Alirudi nyumbani akiwa amechoka kuliko mtu aliyelima.

Mahindi ya mwaka ule yalivunwa na wengine.

Pikapu ilikaa uani kwetu chini ya turubai. Baba mkubwa alipiga simu mara kwa mara akishauri iuzwe, kwa watu wa mbali ikiwezekana. Mama hakuiuza wala hakuikaribia. Akianika nguo, alipitia upande wa pili.

Mwezi mmoja kabla ya ukumbusho wa mwaka wa kwanza, ujumbe ulikuja kwenye simu ya mama. Baba mkubwa alisema watu watakusanyika nyumbani siku fulani, na mama aje, ila asije na lile gari. Tena akifika aketi nyuma pamoja na wageni mpaka mzee wa kanisa amwombee, ndipo asogee mbele. Aketi na wageni, katika uwanja alioumwagilia maji yeye mwenyewe ili majani yaote.

Mama aliusoma, akaiweka simu kwenye meza ya cherehani. "Waende wenyewe," akasema. "Mimi nilishasema niliyosema."

Nilijua maana yake. Mjane asiyeonekana kwenye ukumbusho wa mumewe amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya hapo nyumba ile ingekuwa ya mtu mwingine polepole, bila kelele, kikombe kimoja kimoja. Na aliyemsukuma hadi mlangoni hapo nilikuwa mimi, mwenye shahada ya fizikia.

Nikaenda uani nikavua turubai.

*

Sikuwa fundi. Nilikuwa binti asiye na kazi ambaye alifundisha watoto wa watu hesabu jioni na kusoma kila kitu kwenye simu. Lakini nilijua kwamba injini ya petroli inataka mambo machache tu, na ikizimika basi mojawapo limekosekana. Niliinua boneti kuangalia ni lipi.

Nilichokiona kilinikasirisha. Mipira inayopeleka maji kati ya rejeta na injini ilikuwa imevimba na kupasuka mistari kama kisigino cha kiangazi, imefungwa kwa waya na vipande vya tyubu ya baiskeli. Ule wa chini, nilipoubonyeza, ulilala bapa kama soksi. Na petroli, kutoka kwenye pampu hadi kwenye kabureta, ilipita ndani ya paipu ya plastiki inayoonyesha, ile ambayo waashi hujaza maji kupimia usawa wa ukuta. Ilikuwa imegeuka njano. Ilikuwa imelegea kwa joto na kulalia karibu kabisa na chuma kinachotoa moshi kwenye injini.

Fundi aliyeitunza pikapu hiyo miaka yote ana gereji yake Mamboleo, uwanja wa changarawe uliozungushiwa mabati. Ni mtu wa miaka hamsini hivi, mcheshi, mwenye mikono inayojua mambo kuliko anavyoeleza. Tangu nimalize chuo aliniita Profesa, na hakuwa ananisifu. Nilimwuliza nani aliweka paipu ya waashi kwenye petroli.

"Mimi," akasema kwa fahari. "Hiyo ndiyo paipu safi. Unaona petroli ikitembea. Ile nyeusi inaficha mambo."

Nikauliza kuhusu thamostati, kile kidude kinachodhibiti joto la maji, maana nilifungua mahali pake nikakuta hakipo. Alisema alikitoa zamani kwa sababu kilitengenezwa kwa ajili ya Wazungu na baridi yao, na Kisumu tuna joto la kutosha. Waya wa mviringo uliokuwa ndani ya mpira wa chini, unaouzuia usilale bapa, nao aliutoa ulipoota kutu. Kila nilichouliza, alikuwa amekitoa yeye, na kila alichokitoa alikuwa na sababu.

Nikamwambia basi vitu hivyo ndivyo vilivyoizima pikapu siku ya mazishi. Aliweka spana chini ili acheke vizuri. Vijana wake wa gereji nao wakacheka kabla ya kujua ni nini.

"Profesa," akasema, "hiyo paipu ilikaa hapo miaka minne. Imempeleka baba yako Busia. Imempeleka Kakamega na mlima wote ule. Haikuzima. Sasa niambie, kwa nini ife siku hiyo? Na kwa nini iwake mama akishaomba?"

Swali lilikuwa zuri, na nilichukia kwamba lilikuwa zuri. Nilirudi nyumbani nimelibeba kama jiwe kwenye kiatu.

Siku mbili nilijiuliza siku ile ilitofautiana vipi na siku nyingine zote za pikapu ile. Baba alikuwa mtu wa alfajiri. Safari yoyote ndefu aliianza kabla jua halijachomoza, na aliendesha kama anafukuzwa. Siku ya mazishi yake tulitoka chumba cha maiti jua likiwa tayari kali. Tulikwenda mwendo wa mtu anayetembea tulipopita mjini, tukasimama Ahero kwaya iimbe, tukasimama Katito waimbe tena, injini ikinguruma muda wote, jeneza na wanaume saba nyuma. Upepo wa kupooza rejeta haukuwepo. Tangu inunuliwe, pikapu ile haikuwahi kuendeshwa vile. Ilihitaji mwenyewe afe kwanza.

*

Jumatatu nilijaza magunia manane ya mchanga nyuma ya pikapu, nikaazima betri, nikatoka saa tano na nusu kwa barabara ya Miwani, iendayo kwenye mashamba ya miwa. Niliendesha kwa gia ya pili, mwendo wa msafara. Kila nilipofika mahali penye kivuli sikusimama kwenye kivuli, nilisimama juani, nikaacha injini ingurume kwa muda wa nyimbo tatu, kisha nikaendelea. Niliona aibu kidogo. Nilikuwa naendesha mazishi ya mchanga.

Saa sita na robo ikazimika.

Nilishuka nikainua boneti, nikasimama mbali kidogo kwa ajili ya joto. Na pale, ndani ya ile paipu ambayo fundi aliisifu kwamba inaonyesha, niliona mapovu. Petroli ilikuwa inachemka. Mapovu marefu yalisukumana kuelekea kwenye kabureta, na nyuma yake paipu ilikuwa tupu. Injini ilikuwa inavuta mvuke mtupu. Nilipiga video kwa simu.

Halafu nikakaa ukingoni mwa barabara nikangoja. Nilikuwa nimeamua sitasema neno hata moja, wala kwa injini wala kwa mtu asiyeonekana. Wanawake wawili waliotoka kupalilia miwa walinipita, jembe begani, wakauliza kama nina shida. Nikasema nasubiri gari lipoe.

"Basi lisubiri," mmoja akasema, wakaenda zao.

Hawakuuliza limebeba nini. Kwa gari lililobeba mchanga, maelezo hayo yalitosha.

Baada ya dakika thelathini na nane nilizungusha ufunguo na pikapu ikawaka. Siku ya mazishi, tangu kuzimika hadi mama aondoe mkono wake kwenye jeneza, zilipita dakika kama arobaini. Mtu mwingine angeridhika hapo. Jumanne nilirudia kila kitu, magunia yaleyale, barabara ileile. Ilizimika tena, ikawaka tena, bila mtu kukiri chochote.

Nilimpelekea fundi video. Aliitazama mara mbili, akasema simu yangu ina picha safi. Nikamwambia nataka kubadilisha mipira yote, ya maji na ya petroli, na nataka aifanye kazi hiyo. Hapo ucheshi ukamtoka. Alisema uwanja wake nitumie, spana nitumie, lakini yeye mkono wake hautaingia.

"Gari iliyokataa mtu sishiki," akasema. "Nina watoto."

Kwa hiyo niliifanya mwenyewe, na yeye akasimama hatua tano kutoka kwangu kama mwamuzi wa mpira.

Nilisubiri injini ipoe kabisa. Nikatoa waya za betri. Nikafungua rejeta chini, na maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, mazito ya kutu. Mpira wa juu ulitoka kwa vipande. Wa chini ulikatalia kwenye shingo yake nikauchana kwa kisu kwa urefu, na nilipoufungua nikaona ngozi ya ndani imebanduka na kuning'inia kama ulimi. Injini ikivuta maji kwa nguvu, ulimi ule ulikuwa unaziba njia. Vijana wa gereji walisogea. Mmoja alisema dada, leo utaogea dizeli. Mwingine aliuliza kama chuo tulifundishwa kuvaa gauni kwenye gereji. Nilikuwa nimevaa suruali ya marehemu baba, nikamwambia kama anaiona gauni basi akapimwe macho. Fundi alisema nimeshika bisibisi kama kijiko cha uji. Sasa alikuwa amesogea, hatua tatu kutoka kwangu.

Niliweka mipira mipya ya rejeta, wa chini ukiwa na waya wake wa mviringo ndani, na kila mwisho nikafunga kwa klipu za chuma zenye skrubu badala ya tyubu. Nikarudisha thamostati mpya mahali pake. Fundi alisema nitachemsha injini. Nikamwambia tutaona, na kama itachemka ataniita mjinga hadi nife.

Petroli niliiogopa. Niliwafukuza wavutaji sigara, nikabana paipu ya kutoka tangini, nikaweka chupa chini kukinga matone. Ile plastiki ya waashi ilivunjika mkononi kama biskuti. Mahali pake nikaweka mpira mweusi mnene, ulioandikwa ubavuni kwamba ni wa petroli, na sikuupitisha njia ya zamani. Niliuzungusha upande wa mbali, kando na joto la moshi, nikaufunga kwenye bodi usiweze kulegea tena na kurudi kule. Hapo nilikwama: klipu moja haikufikika, mkono wangu ulikuwa mfupi kwa kipande cha kidole.

Mkono mwingine ulipita kando ya uso wangu, mnene, wenye mafuta, ukaishika ile klipu na kuikaza mizunguko mitatu.

Fundi alichomoa mkono akaupangusa. Kisha akaokota ule mpira wa chini nilioupasua, akaukunja, akauminya bapa, akautazama ule ulimi kwa muda mrefu.

"Hii ilikuwa imekufa," akasema.

Nikangoja amalizie.

"Lakini mama yako aliomba vizuri."

Kesho yake alikuja nami barabara ya Miwani, akisema anakuja kushika dumu la maji. Magunia manane, gia ya pili, jua lilelile. Saa sita na robo ilipita. Saa saba ilipita. Mshale wa joto ulisimama katikati kama umepigwa msumari. Tuligeuza gari bila fundi kusema kitu, jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baadaye.

*

Nilimwonyesha mama ile video kibandani kwake, sare za rangi ya damu ya mzee zimetundikwa pande zote. Nilimweleza yote, kuanzia mapovu hadi zile dakika thelathini na nane. Nilieleza vizuri mno, kama mtu anayetetea tasnifu. Mama aliitazama video mpaka ikaisha yenyewe.

"Kwa hiyo mimi niliomba paipu msamaha," akasema.

Nikadhani atacheka. Hakucheka.

"Haya mambo ulisomea?"

"Ndiyo, mama."

"Siku ile ulikuwa unayajua?"

"Nilikuwa nayajua."

"Na ukaniambia nishuke."

Ningeweza kusema joto, kilio, watu wengi. Ukweli ni kwamba pale barabarani, kwa dakika kadhaa, niliamini. Nilisimama kando ya injini ya moto yenye harufu ya petroli na nikaamini kwamba baba yangu, aliyempenda mama waziwazi mpaka tukaona aibu, alikuwa amelala ndani ya sanduku akimnunia. Nilimwambia hivyo. Alinitazama, kisha akarudi kwenye cherehani, akashona kola nzima na kukata uzi.

"Nilisema nilikosea," akasema akiwa ameinamia kitambaa. "Hilo ndilo linaloniuma. Wangeniambia nilie, ningelia. Wangeniambia nigaegae. Lakini nilisema nilikosea, na sikukosea. Alitaka kupona. Aliniambia mimi. Usiku kaka yake alipoondoka, alinishika mkono akaniambia, usikubali anitoe hapa."

Hilo sikulijua. Mwaka mzima hakuwa amelisema, kwa kuwa nani angemwamini baada ya injini kutoa ushahidi.

Alishona kola ya pili. Ndipo akauliza siku ya ukumbusho tutatoka saa ngapi. Nikasema saa kumi na mbili asubuhi, barabara ikiwa baridi.

"Hapana," akasema. "Saa ileile. Na uende polepole vilevile."

*

Tulikuwa wawili tu. Akina mama wa kanisani tuliowapa nafasi walikumbuka ghafla kwamba wana usafiri. Mama alivaa gauni la kitenge cha bluu na kilemba, akafungua mlango wa pikapu ambayo hakuigusa kwa mwaka, akaketi, akashikilia mkoba wake mapajani kama siku ile. Ahero tulikwenda nyuma ya trekta la miwa, na sikulipita. Joto liliingia madirishani kama pumzi ya tanuri. Macho yangu yalikuwa kwenye mshale zaidi ya barabara. Nilikuwa na hakika ya asilimia zote ambazo mtu mwenye akili anaweza kuwa nazo, na bado sikio langu lilikuwa kwenye injini.

Baada ya Katito nilipunguza mwendo. Nilipajua mahali, kwa sababu ya mtaro uliobomoka. Nilifikiri angetaka tusimame.

"Kuna nini hapa?" mama akauliza.

"Ndipo pale."

"Si barabara tu. Endesha."

Tulifika nyumbani saa nane kasorobo. Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba, viti vimepangwa, watu wamejaa, mzee wa kanisa amesimama na Biblia. Mngurumo wa pikapu uliwageuza wote. Nilipita lango kuu, nikaegesha mbele kabisa, karibu na kaburi. Baba mkubwa aliinuka kwenye kiti chake. Nilijiandaa kwa hasira yake. Nilikuwa na video mkononi, nimeifungua tayari.

Hakukasirika. Aliitazama pikapu, akamtazama mama akishuka, uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo nadhani ilikuwa ya kweli. Aliinua mikono yote miwili akawatangazia watu kwamba wameona wenyewe. Mwaka jana marehemu alikataa kuja naye, leo amekubali. Ndugu yake amemsamehe mkewe. Akina mama wakapiga vigelegele. Wawili wakaja mbio kumkumbatia.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilidhani ushahidi ukibadilika hukumu itabadilika, na kumbe kesi yao ilikuwa imejengwa vizuri kuliko paipu zangu. Injini ikizimika, mama ana hatia. Injini isipozimika, alikuwa na hatia, ameachiliwa. Nilinyanyua simu nianze kueleza, pale pale, mapovu na yote. Mama alinishika kifundo cha mkono akaushusha.

Aliwangoja mpaka vigelegele viishe. Akawatoa wale wawili mwilini mwake taratibu, bila ukali.

"Shemeji," akamwambia baba mkubwa, kwa sauti ileile anayopimia watu kiuno, "mume wangu hana la kunisamehe. Mwaka jana nilisema nilikosea kumweka hospitali. Mlinisikia nyote. Leo mnisikie tena. Sikukosea. Aliniomba nisimtoe, nami sikumtoa. Hata angekuwa anaumwa leo, nisingemtoa."

Nilisikia injini yetu ikipoa, chuma kikilia tik, tik.

"Maneno ya mbele ya jeneza hayarudishwi, shemeji," baba mkubwa akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini. Nilimwona mzee kuliko alivyokuwa dakika moja kabla, na kwa mara ya kwanza nikafikiri kwamba naye alimpoteza mtu, na alihitaji sana kifo kile kiwe na mwenyewe, mtu wa kulaumiwa.

"Yangu nimeyarudisha," mama akasema.

Hakuna aliyepiga makofi. Shangazi mmoja alisonya, mwingine akamwambia anyamaze. Mzee wa kanisa, ambaye alikuwa ameandaliwa kumwombea mama msamaha kabla ya jambo lingine lolote, alifungua Biblia, akaifunga, akaufungua ukurasa mwingine. Viti vya safu ya mbele vilikuwa vimeshakaliwa vyote. Mama aliingia nyumbani mwake, tukasikia kitu kikiburutwa sakafuni, akatoka na kiti cha sebuleni, kile kizito cha mbao. Alikivuta mwenyewe katikati ya uwanja mpaka mbele ya safu ya mbele, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akaketi.

"Endelea, Mzee," akamwambia.